Redio zimeshanunuliwa, masafa je? Jibu kwa kampuni ya utalii yenye magari saba

Swali: "Mhandisi, habari za kazi. Mimi na mume wangu tuna kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha, magari saba. Mtandao wa simu ukikatika huko Ngorongoro na Serengeti tunabaki gizani, kwa hiyo tumenunua redio kolu tisa: saba za kufunga kwenye magari na mbili za mkononi. Muuzaji alisema masafa yameshawekwa ndani, sisi tufunge tuongee. Safari ya kwanza tu, dereva wetu akakuta watu wengine wanazungumza kwenye chaneli yetu, na mmoja akamfokea atoke. Fundi anasema tuweke kodi ya siri hakuna atakayetusikia. Rafiki yetu mwenye kampuni kubwa anasema tutumie masafa yake, maana yeye ana leseni. Mwingine anasema redio ya wati 5 kushuka chini haihitaji leseni. Je, leseni ni ya kila redio au ya kampuni? Inaombwaje? Na gari likiwa Seronera litaongea na ofisi ya Arusha? Hilo ndilo tulilolikusudia hasa."

Dada, nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Kwa redio mlizonunua, gari lililoko Seronera, katikati ya Serengeti, halitaongea na ofisi ya Arusha. Leo halitaongea, na siku mkipata leseni halitaongea vilevile. Leseni inawapa haki ya kutumia masafa fulani bila kuingiliwa. Haiondoi mlima. Nalisema mapema kwa kuwa wapo wanaohangaika na makaratasi miezi mizima kwa ajili ya mtandao ambao, hata ukikamilika, hautafanya kazi waliyoitaka. Kwa hiyo nitayaeleza mambo mawili kwa pamoja: sheria inataka nini, na mawimbi yanaweza nini. Fomu ya maombi yenyewe inauliza yote mawili, ingawa wengi huijaza kana kwamba inauliza la kwanza tu.

Hiyo kauli kwamba masafa yameshawekwa ndani ni ya kweli, na hapo ndipo inapopotosha. Redio ya VHF ya kawaida inaweza kuprogramiwa popote kati ya megahezi 136 na 174, na nyingi za UHF kati ya 400 na 470. Kiwandani huingizwa masafa machache ili mkaguzi aone kama kifaa kinarusha na kupokea. Huenda muuzaji amewaachia hayo hayo, au huenda amenakili masafa ya mteja wake mwingine, na mwenye masafa ndiye aliyemfokea dereva wako. Kama ni hivyo, aliyefoka alikuwa na haki yake, ingawa angeweza kusema kwa adabu. Duka linauza redio, haliuzi masafa. Tanzania masafa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na hiyo ni bara na visiwani, maana mawasiliano ni jambo la Muungano. Kurusha bila leseni ni kosa la jinai.

Tena kuwa redio inaweza kufika kwenye masafa fulani hakumaanishi unaruhusiwa kufika huko. Tazama tu kilichomo ndani ya ile 136 hadi 174. Kipande cha 136 hadi 137 ni mwisho wa eneo la sauti za marubani na waongoza ndege. Kutoka 144 hadi 146 ni la wapenzi wa redio wenye leseni zao za ridhaa, wale ambao vituo vyao hapa nchini huanza na 5H, na leseni yao hairuhusu biashara hata kidogo, kwa hiyo usimkubalie mtu atakayekushauri upitie njia hiyo. Kutoka 156 hadi 162 kuna chaneli za vyombo vya majini, na humo kuna chaneli ya 16, megahezi 156.8, ambayo nahodha anaitumia meli inapozama. Upande wa UHF ndio wa kutisha zaidi: kipande cha megahezi 406.0 hadi 406.1 ni cha vifaa vya kuomba msaada vya ndege na meli, ambavyo husikilizwa na setilaiti. Redio ya dukani inayoanza 400 inaweza kurusha humo humo, na anayebonyeza hatajua amemziba nani. Ndiyo maana naomba redio za madereva zifungwe kitufe cha kuingiza masafa. Dereva awe na kitasa cha kuchagua chaneli, basi.

Hadithi ya wati 5 haikutokea hewani, imetoka kwenye maboksi. Ulaya kuna redio ndogo zinazoitwa PMR446, zinatumia megahezi 446.0 hadi 446.2, nguvu nusu wati, na antena isiyofunguka. Marekani kuna zinazoitwa FRS, kwenye 462 na 467, zisizozidi wati 2. Zote hizo mtu wa huko ananunua sokoni na kutumia bila leseni. Ila angalia: msamaha huo haukutolewa kwa sababu ya wati peke yake. Ulitolewa kwa masafa hayo, nguvu hiyo na antena hiyo kwa pamoja, na ulitolewa na mamlaka ya huko kwa watu wa huko. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, umeigawa dunia katika kanda tatu. Sisi Afrika tuko kanda ya kwanza pamoja na Ulaya, na Marekani iko ya pili. Ndani ya kanda, kila nchi ina jedwali lake linalosema kipande gani kimetengewa nani. Kwa hiyo mgeni wenu akiwaletea zawadi ya redio kutoka Chicago, mshukuruni sana na muziweke kabatini. Na redio yenu ya mkononi ya wati 5, yenye antena ya kufungua na masafa ya kuingiza kwa vidole, haimo kwenye msamaha wowote wa aina hiyo.

Sasa hiyo kodi ya siri. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndiyo ushauri mbaya kuliko yote uliyopewa, na umetoka kwa fundi.

Kinachoitwa kodi ni toni nyembamba ya chini, kati ya hezi 67 na 254, ambayo redio yako inaichanganya na sauti yako kila unapobonyeza. Redio ya mwenzako imeambiwa ikae kimya mpaka isikie toni hiyo. Haifanyi zaidi ya hapo. Haifichi maneno yako. Mtu yeyote aliye kwenye masafa hayo bila kuweka kodi anakusikia neno kwa neno. Aliyezibwa masikio ni wewe. Kabla ya kodi, dereva wako alisikia watu wanaongea, akajua chaneli ina wenyewe. Baada ya kodi atasikia kimya, atabonyeza, na ataongea juu ya mazungumzo ya watu.

Na kwenye redio hizi, wawili wakiongea pamoja hawasikiki wote wawili. Hizi ni redio za FM, yaani zinabeba sauti kwa kuyumbisha masafa, na kipokezi cha FM kina tabia ya kushika mawimbi yenye nguvu zaidi na kuyameza yaliyo dhaifu. Yakizidiana kwa kiasi kinachotosha, aliye dhaifu hapotei kwa mkwaruzo unaoweza kuusikia ukashtuka, anapotea kabisa. Fikiria gari lako limepasua matairi mawili karibu na Ndutu, kuna mgeni mwenye pumu, na dereva anaita. Gari lako jingine liko umbali wa kilomita 12 kutoka hapo, lakini kilomita moja kando yake kuna gari la kampuni nyingine linaulizana kuhusu chui. Gari lako la pili litapokea habari za chui. Tena kwa sababu ya kodi, hata hizo za chui halitazisikia. Dereva ataona taa ya kupokea inawaka, na spika iko kimya. Marubani wametumia AM, inayobeba sauti kwa kubadilisha nguvu ya mawimbi, hadi leo kwa sababu nyingi, na mojawapo ni hii: wawili wakibonyeza pamoja husikika mluzi, na kila mtu anajua kuna mwingine ndani.

Kodi ina kazi yake halali. Ukiwa na masafa yako mwenyewe, inazuia kelele za mbali zisiwachoshe madereva. Lakini inakuja baada ya leseni.

Rafiki yenu mwenye leseni ana moyo mzuri, ila anachowapa hana uwezo wa kukitoa. Leseni ya masafa inafanana na hati ya kiwanja: imeandikwa jina la mwenye nacho, imetajwa mipaka, na humo hakuna ruhusa ya kumkatia jirani kipande kwa mdomo. Mipaka yenyewe ni masafa, upana wa chaneli, nguvu ya kurusha, mahali pa kituo, urefu wa antena na idadi ya redio. Magari yenu hayamo. Yakikamatwa yanarusha, ninyi mna kosa la kutokuwa na leseni na yeye ana kesi ya kueleza. Kuna njia nyingine ya kushirikiana ambayo ni safi, nitaifikia.

Hapo pia ndipo jibu la leseni ni ya redio au ya kampuni. Mwenye leseni ni kampuni. Lakini redio zinahesabiwa ndani yake: kituo cha ofisini, za magari, za mkononi. Mkiongeza gari la nane lenye redio, mnatoa taarifa ili liongezwe. Mkiuza gari, mnaing'oa redio kwanza. Msiliuze gari likaondoka na chaneli zenu ndani.

Turudi kwenye milima. Mawimbi ya VHF husafiri karibu na mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Kuna hesabu ya haraka tunayoitumia: chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita hadi upeo wa mawimbi. Fanya hivyo kwa kila upande, kisha jumlisha. Antena ya gari iko mita 2.5 hivi kutoka ardhini, kwa hiyo gari kwa gari kwenye tambarare tupu ni kama kilomita 13. Watu wawili waliosimama na redio za mkononi kwa hesabu hiyo wanapata kilomita 10, ila miti, miili yao na vile viantena vifupi vinapunguza hadi tatu au nne. Ofisi yenye antena ya mita 20 inaongea na gari hadi kilomita 25.

Arusha hadi Seronera ni kama kilomita 230 kwa mstari ulionyooka, na katikati zimekaa nyanda za juu za Ngorongoro zenye vilele vinavyopita mita 3,000. Hata milima yote ingesawazishwa, mngehitaji antena ya karibu mita 790 kila upande ili zionane. Na kuongeza wati hakusaidii. Kutoka wati 25 hadi 50 ni desibeli 3. Sauti itakuwa safi zaidi pale inapofika, lakini upeo hausogei. Muuzaji akikwambia tatizo lako ni nguvu ndogo, muulize antena yako itakaa kimo gani. Asipokuwa na jibu, ondoka.

Kreta ni mfano mzuri. Ukuta wake una kimo cha mita 600 hivi. Magari mawili yaliyo chini yanaongea vizuri mno, kwa sababu hakuna kinachowatenga. Gari lililo chini na lililo kwenye ukingo nayo yanaongea, maana yanaonana. Lakini kutoka chini huwezi kuipata Karatu, ingawa kwenye ramani iko jirani.

Tabia hii ya kuonana ndiyo inayomwezesha mgawaji kumpa mtu wa Arusha na mtu wa Mtwara masafa yale yale bila wao kujuana kamwe. Ndiyo pia sababu TCRA inataka kujua mahali na kimo cha antena. Kituo kilicho kwenye bega la mlima Meru kinasikika mbali sana kuliko kilicho kwenye paa la nyumba mjini, na mawimbi hayana pasipoti: mpaka wa Namanga uko kilomita mia na kidogo tu kutoka Arusha, na upande wa pili masafa yanagawiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kwa watu wake. Kituo cha juu karibu na mpaka kinahitaji nchi mbili ziwe zimepatana. Waombaji hulalamika kwamba wanaulizwa maswali mengi. Maswali hayo ndiyo yanayowakinga.

Kuna na jambo la vilima vyenye msitu wa antena. Warushaji wawili walio karibu wanaweza kuzaa masafa ya tatu ambayo hakuna aliyeyaomba. Mmoja akiwa 150.0 na mwingine 150.5, mara mbili ya wa pili toa wa kwanza inatoa 151.0. Ukipangiwa 151.0 kwenye kilima hicho utasikia sauti za watu wawili kwa mpigo na utaishitaki TCRA bure. Mtaalamu mzuri hukagua hilo kabla ya kujaza fomu.

Sasa fomu. Vya kampuni mnavyo tayari: cheti cha usajili wa BRELA, namba ya mlipakodi, leseni ya biashara ya utalii. Sehemu ya ufundi ndiyo inayorudisha maombi ya watu nyuma. Andikeni kituo cha ofisi kiko wapi kwa nukta za ramani, si "nyuma ya soko". Andikeni kimo cha antena kutoka ardhini, aina yake, na nguvu ya redio kwa wati. Andikeni idadi ya redio kwa makundi yake na eneo zitakapotumika, kwa majina: Arusha, Tarangire, Manyara, Ngorongoro, Serengeti. Msiandike "Tanzania nzima" kwa kutamani ukubwa. Eneo kubwa maana yake ni masafa magumu kupatikana, maana huyo wa Mtwara naye amo ndani.

Mtaulizwa pia upana wa chaneli na namna ya kurusha, na mtakutana na maandishi kama 11K0F3E. Yasiwatishe. Tarakimu za mwanzo ni upana: kilohezi 11.0. F ni FM, 3 ni habari ya analogi kwenye chaneli moja, E ni sauti ya maongezi. Kumi na moja inatoka wapi? Unapoongea, masafa huyumba kilohezi 2.5 juu na chini, sauti ya mtu ina kama kilohezi 3; jumlisha, zidisha kwa mbili. Hiyo inakaa ndani ya chaneli ya kilohezi 12.5. Redio za zamani huyumba 5, zinatoa 16K0F3E, na zinahitaji chaneli ya 25. Ombeni 12.5. Chaneli pana inakula nafasi ambayo wengine wanaihitaji, na kwa magari saba hamtasikia tofauti. Redio za kidijitali za DMR huingiza mazungumzo mawili tofauti ndani ya hiyo 12.5 kwa kupokezana zamu, lakini kwa msafara wa magari saba nisingewaongezea gharama hiyo.

Mwisho wa fomu ni modeli ya redio, na hapa nina wasiwasi na ninyi. Vifaa vya mawasiliano lazima viwe vimeidhinishwa kutumika nchini. Kabla ya kufanya lolote, rudini kwa muuzaji mkamwombe nyaraka za uidhinishaji wa modeli hiyo hiyo, si ya "ndugu yake". Akizitoa, vizuri. Akianza hadithi, dai fedha zenu sasa, redio zikiwa bado mpya. Mtu anayeuza redio na kusema masafa yamo ndani simwamini kwa hilo la uidhinishaji pia.

Mtaomba nini basi? Ningekuwa mimi, ningeomba chaneli moja ya VHF ya gari kwa gari, isiyopitia kituo chochote cha kurudufu, na kituo kimoja cha ofisi. Tunaiita simpleksi: masafa hayo hayo ya kuongea na kusikiliza. Itawapa msafara unaosikilizana ndani ya kreta na kwenye tambarare za Serengeti, na itawapa ofisi inayosikia magari yakiwa mjini na pembezoni. Kwa kazi nyingi za kila siku, nani yuko wapi, nani ana jeki, inatosha. Ni rahisi kupata na ada yake ni ya masafa mamoja.

Ripita ndiyo kila mtu anayoitamani. Ni kituo cha juu kinachopokea kwenye masafa mamoja na kurudufu kwenye mengine kwa wakati huo huo, kwa hiyo magari mawili yasiyoonana yanakutana kupitia kilima kinachoonwa na yote mawili. Inafanya kazi vizuri sana. Ila inataka masafa mawili, vichujio vya kuzuia kituo kisijizibe masikio chenyewe, umeme wa jua na betri, mlinzi, na ardhi. Ardhi yenye faida kwenu iko ndani ya Ngorongoro au Serengeti, na hakuna anayesimamisha nguzo humo bila idhini ya mamlaka ya hifadhi husika. Kwa magari saba hesabu haiji. Hapa ndipo ushirikiano ule safi unapofaa: mtafuteni mtoa huduma ambaye leseni yake inamruhusu kuwahudumia wengine kwa kulipia, mkaunganishwa kwenye ripita zake kwa mkataba wa maandishi, na redio zenu zikaingizwa kwenye hesabu yake. Kama rafiki yenu ana leseni ya aina hiyo, basi nimemsingizia. Mwombeni awaonyeshe.

Kwa Seronera hadi Arusha kuna njia mbili. Ya zamani ni HF, masafa ya kati ya megahezi 3 na 30, ambayo hupanda hadi tabaka la ionosfea, mamia ya kilomita juu, na kurudi chini upande wa pili wa mlima. Mashirika ya misaada yameitegemea miaka mingi. Inavuka umbali wenu bila shida. Ila tabaka hilo hubadilika jua linapotua: megahezi 7 zinazofaa mchana zinaweza kukuacha usiku, ushuke hadi 4 au 5, kwa hiyo mnaomba masafa mawili au zaidi. Redio yake ni ghali, antena yake kwenye gari ni ndefu, kuna makelele ya radi, na dereva anahitaji mafunzo ya kweli. Njia ya pili ni simu ya setilaiti. Mbili zinawatosha: moja inakaa na kiongozi wa msafara, nyingine inazunguka kwa gari linalokwenda mbali peke yake. Ulizieni kibali chake ofisini TCRA kabla ya kuagiza, msisubiri izuiliwe forodhani.

Kuna redio zinazotumia laini ya simu, mtu anabonyeza na kuongea kama redio ya upepo. Hazihitaji leseni yenu ya masafa kwa kuwa zinatumia masafa ya kampuni ya simu. Lakini ulinieleza tatizo lenu ni mtandao wa simu kukatika, kwa hiyo zitakatika nayo. Zinafaa kwa kuchukua wageni uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA.

Kwa hiyo ushauri wangu ni simpleksi ya VHF yenye leseni pamoja na simu mbili za setilaiti, na ripita ya kukodi ikiwa mtaongezeka. Ada ya masafa sitaitaja kwa tarakimu kwa sababu kanuni zake hurekebishwa, na tarakimu ya kwenye makala huzeeka vibaya. Ofisi itawapa jedwali. Jueni tu kwamba ni ya kila mwaka, na bajeti iwe na fedha ya ufungaji. Antena mbovu iliyofungwa kwenye keria ya bati lenye kutu itaifanya redio ya laki nyingi iongee kama ya mkononi.

Baadhi ya mambo hayafanyiki kwa kuandikiana. Nendeni wenyewe ofisi ya TCRA Kanda ya Kaskazini, hapo hapo Arusha, mkiwa na orodha ya redio na ramani ya safari zenu. Waelezeni kwamba mlizinunua, mkazijaribu, mkagundua hazina leseni. Mtu anayekwenda mwenyewe yuko mahali pazuri kuliko anayefuatwa na gari la ukaguzi. Mkiamua HF au ripita, lipeni mhandisi aje apime, maana hapo makosa ni ya mamilioni. Mkitaka kusimamisha mnara ofisini, na uwanja wa ndege wa Arusha uko karibu, ulizieni kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuhusu kimo. Na siku ya kufunga redio kwenye magari, fundi aje na kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena. Asiye nacho anakisia.

Wakati mnasubiri, zimeni redio zote, pamoja na hizo za mkononi, na mwambieni fundi afute masafa yaliyomo. Pelekeni maombi mapema, kabla ya msimu wa Julai, kwa kuwa kutafuta chaneli isiyo na mtu katika Arusha yenye makampuni mengi ya utalii si kazi ya siku moja. Barua ya kupangiwa masafa ikitoka, fundi aingize hayo tu yaliyoandikwa, kwa upana na nguvu iliyoandikwa, na nakala ya leseni ikae ndani ya kila gari pamoja na bima. Na mkija kuacha kuyatumia, yarudisheni kwa barua. Msiache ankara za mwaka zijilundike kwa chaneli ambayo hakuna anayeibonyeza.